Koki Kuu Niliifunga Mimi

Binti yangu mkubwa aliolewa nikiwa chooni. Sipigi chuku. Tumbo lilikuwa linanisokota tangu asubuhi, na alipoulizwa kama amekubali, mimi nilikuwa nyuma ya ukumbi nimeshikilia kitasa, kijasho chembamba kinanitoka, nasikia vigelegele kupitia dirisha dogo. Hadi juzi aliamini nilimsusia kwa sababu sikumpenda mkwe. Sikuwahi kumweleza. Fundi bomba mzima, nimwambie mwanangu kwamba bomba langu mwenyewe limenishinda?

Sasa kitinda mimba wangu alikuwa amebakiza wiki mbili aolewe, na huyu nilikuwa nimeapa sitamkosa.

Nilikwenda kwa daktari. Akasoma vipimo vyote, akavua miwani.

"Hakuna kidonda wala uvimbe. Utumbo wako ni mwepesi wa kukasirika, basi. Kula kwa saa zako, andika kila chakula kinachokuchokoza, punguza kahawa, na acha kuweka mambo moyoni."

"Na kusafishwa utumbo kwa maji? Shemeji yangu amesafishwa mara nane, anasema amekuwa mwepesi."

"Sijaona ushahidi kwamba kunatibu hali kama yako. Nilichoona ni watu waliopungukiwa chumvi mwilini, na mmoja aliyetobolewa utumbo. Fundi, wewe unadhani ni bomba lililoziba. Halijaziba. Lina wasiwasi."

Nikatoka nimenuna. Miaka thelathini nazibua mabomba kwa kuyasukuma na maji, sijawahi kukutana na bomba lenye wasiwasi.

Mke wangu alikuwa upande wa daktari. Mdogo wake, yaani huyo shemeji, alikuwa upande wangu. Shemeji alikuwa mtu wa cheko. Akicheka kwetu, wanasikia nyumba ya tatu. Lakini siku zile alikuwa anakaa mezani akichezea chakula kwa kijiko, anatabasamu polepole.

"Bado kidogo tu," alituambia. "Wanasema kuna kitu hakijatoka."

"Kitu gani?" mke wangu akauliza.

"Nikikiona nitakijua, dada."

Jibu lile sikulipenda hata kidogo. Ila mwenye shida yake hasikii, na wiki hiyohiyo wale wa kusafisha watu walinipigia simu wenyewe. Mabomba yao yanapiga kelele, wakasema, nije niyaangalie, na nikimaliza nitasafishwa bure. Nikaona nyota yangu imewaka.

Nilifika saa sita mchana. Ilikuwa nyumba ya kawaida: viti vya plastiki, sakafu inanukia dawa, vyumba vitatu kwenye ujia mmoja. Nina mazoea yangu, sigusi bomba la mtu kabla sijafunga koki kuu nje na kutia ufunguo wake mfukoni. Nikafunga. Nikafungua bomba la jikoni mpaka likadondosha tone la mwisho. Kisha nikaegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye bomba la ukutani na kuweka sikio kwenye mpini, ndivyo tunavyosikiliza sisi.

Bomba kavu halisemi kitu. Hili lilinguruma. Mngurumo mrefu, halafu mitatu mifupi.

Tumbo langu likajibu. Mngurumo mrefu, mitatu mifupi.

Nikaondoa sikio, nikacheka peke yangu kama mpumbavu, nikasikiliza tena. Safari hii bomba lilianza na sauti ya tumbo langu kabla tumbo lenyewe halijaitoa.

"Limekujibu?"

Alikuwa mhudumu mkuu, kavaa koti jeupe, kasimama karibu mno. Sikuwa nimesikia viatu vyake.

"Bomba hili halina maji," nikasema. "Koki kuu nimeifunga mimi."

"Najua. Chumba cha tatu kiko tayari, fundi. Miaka kumi na mmoja ni mingi kubeba kelele."

Miaka ya tumbo langu sikuwa nimemtajia. Nikajiambia labda shemeji alimwaga mtama. Na nakiri, pamoja na nywele zilizokuwa zimenisimama, nilimfuata huku nikilegeza mkanda. Nilimfikiria kitinda mimba wangu, nikimwona akigeuka kutafuta uso wangu na kukuta kiti kitupu.

Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi kidogo. Shemeji alikuwa amelala kwa ubavu, kafunikwa shuka, uso kauelekeza ukutani. Kando yake kulikuwa na mrija wa kioo wenye taa nyuma yake, ili mgonjwa aone kinachotoka. Maji yalikuwa yanapita mle, meupe, hayana kitu. Nikayatazama kwa jicho la fundi kabla ya jicho la ndugu. Yalikuwa yanatoka kitandani na kupanda kwenye tangi lililotundikwa juu ukutani. Nikatafuta pampu. Hapakuwa na pampu.

Tangi lilikuwa linajaa, na ndani yake maji yalikuwa yakigugumia kwa kukatikakatika. Sauti ile niliitambua. Lilikuwa cheko la shemeji.

Sijui nilipata wapi nguvu. Nilimpigia kelele ainuke, nikamtoa na shuka lake, nikambeba. Alikuwa mwepesi kama kapu la nguo zilizokauka. Mhudumu hakutuzuia. Alitupisha mlangoni kwa adabu.

"Atarudi mwenyewe," alisema. "Kaacha kitu chake."

Nyumbani mke wangu alimlaza, akaweka sikio tumboni mwa mdogo wake kwa muda mrefu.

"Kimya," akaniambia. "Hata maji aliyokunywa hayasikiki."

Daktari alimpima akasema kapungukiwa chumvi kidogo tu. Ufunguo wa koki yao ninao hadi leo. Sijarudi kuifungua, na hakuna aliyeniita. Bado wanapokea watu.

Jioni ile niliwaita mabinti zangu wote wawili nikawaeleza kila kitu, cha choo na vigelegele na dirisha dogo. Mkubwa alilia, halafu akanipiga begani. "Baba, miaka yote hiyo, si ungesema tu!"

Siku ya harusi tumbo lilinisokota palepale bibi harusi alipoulizwa kama amekubali. Nikatoka mbio. Niliporudi nilikuta ukumbi mzima umenyamaza, na kitinda mimba wangu amegeukia mlangoni.

"Nimewaambia wasubiri," akasema. "Baba alikuwa hajarudi."

Nikakaa, machozi yananilenga. Na katika ukimya ule tumbo langu likanguruma, mngurumo mrefu na mitatu mifupi, likasikika hadi viti vya nyuma. Watu wakaangua kicheko, bibi harusi akicheka kuliko wote, na mimi nikacheka nao.

Shemeji, aliyeketi karibu nami, ndiye pekee ambaye hakucheka. Alifungua kinywa kama anayetaka, hakikutoka kitu. Akashusha mkono akaanza kujipapasa tumbo, taratibu, huku na huku, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama mahali pale pa kusafishwa siku hiyo pamefunguliwa.