Wa Kwanza Kati ya Arobaini na Moja

Jumanne moja ya mwezi wa tano, mwaka 1984, Felomena alikuwa anaanika karanga uani kwake Nambambo alipoona kwamba mbuzi wake, Sikujua, anazitamani lakini hazifikii. Miguu yote minne ilikuwa imeacha ardhi kwa shubiri moja. Mbuzi mwenyewe alikuwa anacheua tu. Felomena alimaliza kuanika, akanawa mikono, akachukua kamba ya katani na kumfunga mguu wa nyuma kwenye nguzo ya jiko. Kisha akamwita bwana mifugo.

Bwana mifugo alikuwa Modestus, kijana kutoka Bukoba, mwenye baiskeli nzuri na sanduku la dawa lisilo na dawa. Alipitisha mkono chini ya kwato za mbuzi, ukatokea upande wa pili.

"Makala imetoka," alisema.

Mwezi wa pili alikuwa amekuja Daktari Agapiti wa chuo kikuu kimoja cha mbali, na utepe na vichupa. Alipima upele wa Sikujua siku nne: magamba mangapi, yameanzia wapi, manyoya yanatoka kwa mwendo gani. Aliandika yote, akashukuru, akaondoka. Upele ulibaki. Huko mjini kwao kulikuwa na jopo la watu waliopanga vyuo vya utafiti wa mifugo, kuanzia cha kwanza mpaka cha mwisho. Jopo lilihesabu makala, na mara ngapi wasomi wengine wamezitaja. Mnyama lilikuwa halimuulizii. Kila makala ya Sikujua ilimpandisha shubiri moja, na kila msomi aliyeitaja alimwongezea upana wa kidole.

"Kwani nao wanapangwa nafasi kama darasa la saba?" aliuliza Felomena.

"Kama darasa la saba, mama."

"Chuo chake cha ngapi?"

"Cha tisa."

"Kati ya vingapi?"

"Arobaini na moja."

"Si haba," alisema Felomena. Binti yake Laurencia aliwahi kuwa wa kumi na tatu kati ya thelathini, na siku hiyo walichinja jogoo.

Mpaka mwezi wa saba Sikujua alikuwa usawa wa paa. Felomena alimlisha kwa majani aliyoyafunga kwenye ncha ya mti mrefu, na mbuzi alijikuna kwenye makuti mpaka paa likaanza kuvuja. Jirani yake Mwanaima alikuja kushtaki.

"Mama Laurencia, mbuzi wako ananichungulia nikioga."

"Mwambie ageuke."

"Nimemwambia. Anatafuna tu, kama mume wangu nikimsemesha."

Walicheka mpaka Mwanaima akakaa chini. Felomena aliihamishia kamba nguzo ya upande wa mihogo.

Jambo moja tu lilimnyima raha. Sikujua alikuwa na mimba, na mwezi wa tisa angezaa. Kila jioni, akisali rozari, Felomena alitazama lile tumbo juu na udongo mgumu chini.

Modestus alikuwa na kopo la salfa lililobaki kwenye kupulizia mikorosho. Aliikoroga na mafuta ya nyonyo, akapanda ngazi, akampaka Sikujua ubavu wa kushoto. Kengele ya Malaika wa Bwana ilipolia mchana, ubavu wa kushoto ulikuwa umeshuka vidato viwili vya ngazi. Wa kulia ulibaki palepale. Mbuzi akawa ameinama kama baiskeli iliyoegeshwa.

Kabla Modestus hajakoroga ya upande wa pili, Daktari Agapiti aliingia uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu karanga."

Alikula karanga, akamtazama mbuzi, akaacha kutafuna.

"Mama, nakuomba, upande wa kulia tuuache kwanza. Tumefika nafasi ya pili. Mbuzi akipona hana makala. Tukiwa wa kwanza tutapewa fungu kubwa la fedha, na dawa ya josho lenu itakuja lori zima."

Josho la kijiji lilikuwa kavu mwaka wa nne. Mbuzi wote wa Nambambo walikuwa wanajikuna, na si wote waliokuwa na bahati ya kuandikwa. Felomena aliwafikiria mbuzi wa wenzake. Alifunika kopo, akampa Mwanaima salfa yote kwa ajili ya mikorosho yake miwili.

"Lakini ikija hiyo dawa, tunaanza na huyu," alisema.

"Tunaanza na huyu, mama."

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa, watu walipotoka misa ya kwanza, Modestus alikuja akiendesha baiskeli kwa mkono mmoja, wa pili ukipunga barua. Chuo kilikuwa cha kwanza. Saa ileile kamba ilikazika, na Sikujua akapita juu ya kilele cha paa. Watoto wa shule walileta ngoma. Mwalimu mkuu alisema hajawahi kutoa wa kwanza kati ya arobaini na moja, akapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Ndipo Sikujua alipolia kule juu, na Felomena akakijua kilio hicho.

"Khanga!" aliita.

Mwanaima alikuwa wa kwanza kuivua yake. Wanawake wanane, wa misa na wa msikitini, walishika pembe za khanga na kutazama juu. Watoto wa Sikujua walitoka wawili, mmoja baada ya mwingine, wakashuka polepole kama sufi, wakigeukageuka kwenye jua, wakatua bila kishindo. Vigelegele vilisikika hadi kijiji cha Mtua. Felomena alipiga magoti palepale, akashukuru, akainuka kupika chai ya watu wote.

Lori halikuja. Ilikuja barua kwamba fungu limejenga chumba cha kutunzia makala, pamoja na cheti chenye maandishi ya dhahabu kilichomtaja Sikujua kwa jina la Mbuzi Namba 14. Felomena alikitundika pale paa linapovuja. Josho lilibaki na mijusi yake.

Mwezi wa kumi Daktari Agapiti alirudi na utepe. Mmoja wa wale watoto alikuwa na kigamba kidogo nyuma ya sikio. Alikipima, akaandika, akashukuru, akaondoka na mfuko wa karanga.

Jumatatu moja, baada ya mvua za kwanza, Felomena na Mwanaima walikuwa wanapalilia ukingo wa ua. Yule mtoto alipita mbele yao, na majani hayakulala chini ya kwato zake.

"Huyu naye wa ngapi?" aliuliza Mwanaima.

"Bado hawajampanga," alisema Felomena, akaenda kutafuta kamba.