Chai Isiyo na Sauti

Fumie aliukoroga unga mweupe ndani ya chai mpaka ikawa nzito kama uji wa mgonjwa, kisha akakiinamisha kijiko juu ya bakuli. Chai ilining'inia, ikasita, ikaanguka donge moja: botari.

"Fungua mdomo, Baba."

Sokichi, mumewe, akageuza uso ukutani.

Tangu juzi hakuwa amekunywa kitu. Kiharusi kilimwachia mkono mmoja na koo lisiloaminika. Maji matupu yalimpalia; kilichopita salama ni kinywaji kilichofanywa kizito kwa unga. Asubuhi hiyo muuguzi Nagumo alipopita, aliibana ngozi ya mgonjwa, nayo ikabaki imesimama kama hema. Akamvuta Fumie jikoni, akamweleza kwa upole kwamba mzee asipokunywa leo, kesho gari litakuja kumchukua, akatiwe maji ya mshipa. Majira ya theluji ya mkoa wa Niigata, huko Japani, hayakuwa na desturi ya kuwarudisha wazee waliochukuliwa na gari hilo.

"Kwani chai ina nini?" aliuliza muuguzi.

"Anasema imekufa."

Sasa Fumie aliketi mkekani, amechoka mpaka kwenye kucha, akaisikiliza nyumba. Zamani nyumba hii haikunyamaza. Huku jikoni mchuzi ulitokota, koto-koto. Kule chini, kwenye duka lao la pombe, wanaume waligugumia, goku-goku, na Sokichi akawamiminia pombe ya mchele, toku-toku-toku, shingo ya gudulia ikivuta pumzi kila tone. Aliweza kumimina huku akibishana na mteja wa nyuma yake, akakoma pombe ilipofika ukingoni mwa kikombe, kwa kusikia tu.

Akainuka. Alishuka dukani, akarudi na gudulia la zamani na vikombe viwili, akalijaza maji ya bomba. Kando ya sikio la mumewe akamimina kikombeni. Toku-toku-toku.

Uso ukabanduka ukutani.

Kabla sauti haijafifia, Fumie alikitia kinywani mwa mumewe kijiko cha chai nzito. Koo likapanda, likashuka. Akamimina tena, akalisha tena, macho yake yote yakiwa kwenye koo lile, hata bakuli likaanza kuonyesha kitako chake.

"Unamwaga, mwanamke," Sokichi alisema kwa ulimi mzito. "Kimejaa kitambo."

Kweli, maji yalikuwa yakitambaa mkekani.

"Basi mimina wewe, fundi. Mimi nimechoka."

Alisema hivyo kwa uchovu tu. Lakini mkono mzima wa mzee ulitoka chini ya blanketi, ukaikamata shingo ya gudulia. Dukani kwao hakuna aliyejimiminia mwenyewe. Aliyemiminiwa alimmiminia mwenziwe.

Fumie akakitwaa kikombe kitupu kwa mikono miwili, akakinyoosha, kichwa amekiinamisha kidogo kama mteja. Gudulia lilitetemeka, likagonga ukingo.

Toku.

Mzee akalishika upya gudulia. Theluji iliporomoka kutoka paani. Fumie alikishikilia kikombe palepale, viwiko vikimuuma, akiisubiri sauti ya pili.