Magongo Juu ya Dari

Mvua za vuli, mwaka wa sitini na moja, zilipenya dari, lile paa bapa la nyumba ya shamba pale Ole, zikateremka ukutani taratibu kama jasho. Bi Thuraiya, mjane wa mwenye shamba, alikaa akizitazama. Mwanawe Thuwein alikuwa amepaka saruji juu ya chokaa ya kale. Saruji ikapasuka, maji yakapata njia. Masika yakifika, boriti zingeoza na nyumba ingekaa chini.

"Dari hii yataka kupigiliwa upya, mwanangu. Chokaa, magongo na wanawake wa kuishindilia."

"Nani atakuja, mama? Siku hizi, tangu fujo za uchaguzi, hata salamu zetu hupokewa shingo upande."

Bi Thuraiya akajitanda buibui, akaenda mwenyewe kwa Bi Mwanabaraka, kiongozi wa wanawake wapigao dari, ambaye enzi za marehemu mumewe alikuwa akiitwa tu, akaja.

"Leo umekuja kwa miguu, Bibi?" Mwanabaraka alicheka. "Zamani sie twapiga juani, nawe u dirishani wanywa kahawa!"

"Ni kweli. Nisamehe."

"Twaja. Lakini nawe ushike gongo."

Siku ilipofika, wanawake ishirini walipanda juu, wakajipanga safu. Bi Thuraiya akasema Bismillahi, akapiga, akakosea mdundo.

"Polepole, Bibi, chokaa haikimbii!" Mwanabaraka akamwambia.

Wakacheka. Akapiga tena. Wimbo wa kazi ukapanda, matone ya chokaa yakawarukia wote, mikarafuu chini ikayumba kama iliyosinzia. Na ilipokaribia alasiri Bi Thuraiya hakujua tena mlio upi ulikuwa wa gongo lake.