Vistari Arobaini na Kimoja

Kila mara mjukuu wangu alipoanza kuwaeleza watu kwa nini ameacha hisabati na sasa ataomba kusoma takwimu, mimi nilipata kazi ya ghafla jikoni. Nilisugua sufuria iliyokwisha takata. Nilichambua mchele ambao haukuwa wa kupikwa siku ile. Nilijua neno litakalofuata: "Ni kwa ajili ya madaftari ya Bibi."

Madaftari yenyewe ni ishirini na tisa, moja kwa kila mwaka. Zamani nilikuwa mfagiaji kwenye kituo cha mbegu. Nimesoma mpaka darasa la nne. Siku moja akaja bwana wa hali ya hewa na kopo refu la bati la kupimia mvua, lenye mdomo wa faneli, akauliza ni nani hapa anaamka mapema na anajua kusoma namba. Wenzangu wakanisukuma mbele huku wakicheka. Baadaye kituo kilifungwa, kopo likahamishiwa uani kwangu, likazungushiwa waya kuku wasiliparamie. Tangu hapo mtaani naitwa Mama Mvua. Mwenye nguo za kuanika hunipigia kelele juu ya ukuta, "Mama Mvua, leo umetupangia nini?" Nami hujibu kwamba mimi ni karani tu, mwenye duka yuko juu.

Kazi yenyewe ni ndogo. Saa tatu kamili asubuhi unafungua kopo, unamimina maji kwenye bilauri nyembamba yenye mistari, unasoma, unaandika. Mwisho wa mwezi unajaza kadi na kuipeleka posta. Lakini yule bwana alinifundisha mambo mawili. La kwanza: "Inama mpaka jicho lilingane na maji. Soma pale yalipobonyea katikati, usisome yalipopanda ukingoni." La pili: "Siku isiyo na mvua andika sifuri. Siku ambayo hukupima weka kistari. Sifuri na kistari si ndugu, mama. Sifuri ni mtu aliyekwenda akakuta hakuna. Kistari ni mtu ambaye hakwenda. Na kistari si aibu."

Maneno hayo nilimfundisha mjukuu wangu akiwa na miaka mitano, amechuchumaa karibu na kopo na kalamu yake mdomoni. Tunamwita Nukta, maana alizaliwa kabla ya siku zake, kilo moja na nukta mbili. Alikuwa akienda kuwafundisha watoto wenzake: sifuri na kistari si ndugu. Mimi namsikia na moyo unanikata.

Nukta tangu darasa la pili alisema atasoma hisabati tupu, ile isiyo na machungwa wala bei za sokoni. Akashikilia hivyo mpaka kidato cha sita. Halafu, akingoja matokeo ya mtihani, akaamua kuyahamishia madaftari yangu kwenye karatasi za miraba, mwaka mmoja karatasi moja, akazibandika ukutani. Asubuhi moja akapiga ukelele nikadhani kaona nyoka.

"Bibi! Njoo uone! Mwaka wa tatu na mwaka wa kumi!"

Vilima vya penseli vilikuwa vinapanda na kushuka pamoja kama pacha waliovalishwa sare na mama yao. Kuanzia tarehe kumi na mbili mwezi wa nne hadi tarehe ishirini na mbili mwezi wa tano.

"Mvua imerudi kwenye nyayo zake baada ya miaka saba, Bibi. Na imeanzia siku niliyozaliwa! Hii ni mvua yangu mimi!"

Nikamwambia ni jambo zuri. Nikaenda jikoni.

Mwalimu wake wa hesabu alisema hajapata kuona kitu kama kile. Siku ya wageni chuoni, mhadhiri mmoja alimwambia karatasi zile azilete akija kuanza masomo. Basi akarudi nyumbani amebadilika. Mama yake, ambaye ni binti yangu na ni fundi cherehani, akamuuliza tofauti iko wapi. "Mimi naona ni kitambaa kimoja, mishono miwili."

"Siyo, mama. Hisabati ukishathibitisha kitu umelala kitandani, kimekuwa kweli hata jua lisipochomoza. Takwimu lazima mtu atoke nje akaloane. Bibi ameloana miaka ishirini na tisa. Nitaiachaje?"

Sasa niseme nilichofanya.

Mwaka ule wa kumi, yule bwana wa hali ya hewa alipita kukagua, akafungua madaftari yangu yote, akatikisa kichwa kwa furaha. Akasema nikiumaliza mwaka bila kistari hata kimoja nitapewa cheti cha miaka kumi bila pengo. Yeye aliyenifundisha kuwa kistari si aibu ndiye aliyeahidi cheti kwa asiye na kistari. Mimi nilikuwa sijawahi kupewa karatasi yenye muhuri na jina langu, hata ya kumaliza shule.

Mwezi wa nne binti yangu akashikwa na uchungu kabla ya wakati. Nikaondoka nyumbani alfajiri bila hata kufunga mlango wa jiko. Mtoto akatoka wa kutosha kiganja. Siku arobaini na moja nilikaa wodini, mchana nakaa kwenye benchi, nikichoka najilaza chini ya kitanda cha binti yangu. Binti aliniuliza kuhusu kopo langu, nikamwambia mke wa fundi baiskeli ananipimia. Ningeweza kumwomba kweli. Anajua kusoma, na waya wa kopo unaonekana kutoka dirishani kwake. Sikumwomba kwa sababu nilitaka daftari zima liwe la mkono wangu.

Tuliporudi na mtoto, nilikuta kopo limejaa karibu na mdomo. Nikalibeba nikalimwaga kwenye shina la mpera. Kisha nikalifungua daftari la mwaka wa tatu, nikalinakili. Sikunakili kijinga. Hapa niliongeza nukta mbili, pale nikapunguza nukta moja, siku tatu nikazisogeza mbele. Kadi ya mwezi wa nne ilichelewa, nikasingizia posta. Cheti kikaja mwisho wa mwaka. Nikakitundika sebuleni, na miaka kumi na tisa kila mgeni akikisoma, mimi huuliza kama atakunywa chai.

Mtandao wa maombi ya chuo ulikuwa unafungwa Ijumaa saa kumi. Alhamisi mchana Nukta alikaa mezani na simu ya mama yake. Cherehani ilikuwa inaunguruma chumba cha mbele.

"Mke mwenzangu," akaniita, maana ndivyo tunavyotaniana. "Njoo uniombee dua. Chaguo la kwanza nabonyeza. Mume wetu angekuwa hai angesemaje?"

"Angesema uolewe."

Akacheka mpaka akainamisha kichwa mezani. Nikamwangalia ule utosi wake, ambao zamani nilikuwa nauona ukidunda kama moyo wa kifaranga, nikajua nikienda jikoni safari hii sitatoka tena.

"Usibonyeze," nikasema.

"Kwa nini?"

"Ile mvua ya mwaka wa kumi si mvua."

"Ni nini sasa?"

"Ni daftari la mwaka wa tatu. Nililinakili."

Alinitolea macho akingoja nicheke. Sikucheka.

"Zote?"

"Zote arobaini na moja. Nilibadilisha kidogo kidogo."

"Ili isijulikane."

"Ili isijulikane."

Cherehani ikanyamaza. Nukta akaiweka simu mezani polepole, kama kitu kinachomwagika. "Ulikuwa wapi hizo siku?"

Hilo nilikuwa nimeazimia kutolisema. "Nilikuwa na shughuli," nikamjibu.

"Alikuwa wodini," binti yangu akasema kutoka mlangoni, kitambaa bado kimeninginia begani. "Alikuwa kwako. Mama, si uliniambia mke wa fundi baiskeli anapima?"

"Nilikudanganya."

Nukta akahesabu kwa macho tu. Yeye hahitaji vidole. Kisha akasema, "Msinitwike mimi. Mimi nilikuwa na kilo moja."

"Sikutwiki. Ndiyo maana sikutaka kusema."

"Kistari tu, Bibi. Ulitakiwa uweke kistari tu."

Nikadhani amemaliza. Kumbe alikuwa anatafuta kitu cha kuokoa, kama mtu aliyeunguliwa na nyumba akauliza kama mlango umepona.

"Uliporudi, kopo lilikuwa na maji?"

"Lilikuwa limejaa."

"Lilikuwa limefurika?"

"Hapana. Maji yalikuwa hayajafika mdomoni."

Uso wake ukafunguka. "Ulipima?"

"Nilimwaga."

"Ulimwaga?"

"Pale kwenye mpera."

Akasimama kiti kikaanguka. "Hata jumla, Bibi! Nisingeijua siku, ningeijua jumla! Siku arobaini na moja za mvua ulizibeba mikononi, bilauri iko rafuni, ukamwagia mpera!" Na hapo ndipo alipolia. Nilidhani atalilia ule ugunduzi wake, na mhadhiri, na karatasi zake ukutani. Alililia maji niliyoyamwaga miaka kumi na tisa iliyopita.

"Maji yakishamwagika hayazoleki," nikasema. Ndilo tusemalo watu wazima tukiishiwa.

"Ndiyo maana yanapimwa kwanza!"

Mama yake akamwambia aangalie anaongea na nani. Nikamwambia mwache, anaongea na mimi.

Alipotulia alijifuta kwa kiganja, akazitazama zile karatasi mbili ukutani. "Mtoto wa kidato cha pili angeona," akasema. "Miaka miwili haiendi sambamba hivi. Hii si mvua, hii ni kalamu. Mimi nilikuwa nimeona, Bibi. Nikasema haiwezekani, kwa sababu kalamu ni yako."

Angenitukana ningepata nafuu.

Ijumaa asubuhi alizibandua zile karatasi mbili, akaniletea daftari la mwaka wa kumi na kalamu. Hakuniita mke mwenzangu.

"Usifute. Kata mstari mmoja juu ya namba, namba ionekane. Pembeni weka kistari."

Nikakaa mezani nikaanza. Tarehe kumi na mbili, kumi na tisa nukta nne. Nikakata, nikaweka kistari. Kumi na tatu, sita nukta sifuri. Ile kumi na tisa nukta nne nilikuwa nimejivunia siku ile nilipoibuni, kwa jinsi ilivyoonekana ya kweli. Nilipofika kistari cha ishirini, Nukta alikuwa amesimama nyuma yangu akihesabu kimya kimya. Hakuniharakisha. Baadaye akanipa karatasi nyeupe, nikawaandikia watu wa hali ya hewa kwa mwandiko wangu wa darasa la nne: siku zipi, nilifanyaje, na kwamba maji niliyamwaga. Nilimuuliza kama cheti nacho kirudishwe. Akasema hilo wataamua wao. Nikakitungua mwenyewe. Ukutani pakabaki pembe nne za rangi ya zamani, safi kuliko nyumba nzima.

Saa sita ikapita, saa saba ikapita, na simu ilikuwa mkononi mwake. Nilikuwa nakata mboga ambazo zilikwisha katwa. Hatimaye nikajikaza.

"Sasa utarudi kwenye hisabati yako?"

"Nilikuwa naipenda kwa sababu kule hakuna anayeweza kunidanganya," akasema. "Ukikosea unakosea mwenyewe."

"Basi nenda, mwanangu. Mimi nisiwe sababu."

"Nimeshabonyeza."

"Umebonyeza ipi?"

"Takwimu."

Nikaacha kisu. "Na mimi nimeshaiharibu?"

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hakuwa na kicheko. "Wamwagaji wako wengi, Bibi. Wengine ni bibi za watu, wanapendwa. Lazima awepo mtu wa kuziona kalamu zao." Akaondoka kwenda kumrudishia mama yake simu.

Nimelipima neno hilo kila namna na sijui kama ni msamaha. Nukta mwenyewe amemwandikia yule mhadhiri ujumbe, akamweleza yote. Hajaniambia amejibiwa nini, nami sijathubutu kuuliza.

Jumamosi kulikuwa na manyunyu ya alfajiri. Saa tatu nilitoka na bilauri, naye akatoka na daftari la mwaka huu. Tangu akiwa mdogo ndivyo tunavyogawana: mimi nasoma kwa sauti, yeye anaandika, hata kichwa hainui. Nikamimina maji. Nikainama mpaka jicho likalingana nayo, nikasoma pale yalipobonyea.

"Nne nukta mbili," nikasema.

Hakuandika. Alinyoosha mkono, nikampa bilauri. Akaiinua usawa wa jicho lake, akaitazama, akaigeuza kidogo kwenye mwanga, akaitazama tena. Mimi nilisimama pale kama mtoto aliyepeleka daftari kwa mwalimu. Jirani alipiga kelele juu ya ukuta kuuliza tumepangiwa nini leo, na sikumjibu.

"Nne nukta mbili," Nukta akasema.

Ndipo akaandika.