Manukato Yaliyoingia Ukungu

Mwizi wa nje huvunja mlango. Wa ndani anajua funguo zinakaa wapi, na wa kwangu huniita "mke wangu."

Cha kwanza kupotea kilikuwa chujio la chai. Nikajisemea, labda nimelitupa pamoja na majani. Ikafuata rangi yangu ya kucha, nyekundu, mpya kabisa. Kisha soksi yangu ndefu, zile nyembamba za kuvalia ofisini, mguu mmoja. Mmoja! Sasa niambie, mwizi gani anaiba soksi mguu mmoja? Nilipomuuliza mume wangu alijikuna kidevu akasema, "Itaonekana tu." Huyu bwana kazi yake ni kutafiti wanyama wa porini. Atakuambia nguchiro alilala wapi jana, lakini soksi ya mkewe haijui.

Nikanyamaza. Mtu akinyamaza si kwamba amelala.

Siku niliyofungua kabati nikaishika chupa ya mama, damu ilinichemka. Mama alipofariki, mimi na dada tuligawana vitu vyake. Dada alichukua cherehani, mimi nikachukua manukato yake, kwenye chupa yenye kizibo cha kioo. Sijawahi kujipaka hata tone. Nikimkumbuka sana nafungua, nanusa, nafunga, na kwa kitambo hicho mama yuko chumbani, ananigombeza kwa kutotandika kitanda. Na manukato yale hayatengenezwi tena. Sasa yalikuwa meupe kama maji ya mchele, na nilipoyanusa, mama alikuwa mbali. Kuna mtu aliyamimina, kisha akajazia maji ili nisijue.

Nikampigia dada simu.

"Rangi ya kucha, soksi, manukato," akasema. "Dalili ya mvua ni mawingu, mdogo wangu."

"Labda ni..."

"Labda nini? Tangu lini mumeo akapaka rangi kucha? Kuna mtu huko ananukia kama mama yetu, na wewe umekaa unampikia!"

Nilipokuwa nafua nililinusa shati lake. Jasho, majani mabichi, na kwenye mkono wa kulia, kwa mbali kabisa, mama. Nilikaa chini karibu na beseni nikalia kwa hasira. Wanaume kutoka nje ya ndoa nimesikia. Lakini huyo mwanamke wake alikuwa amemvaa mama yangu.

Asubuhi, alipokuwa anapakia vitu kwenye gari, nilitoka nimevaa viatu vya kufunga kamba.

"Leo tunakwenda wote."

"Huko kuna kupe," akasema, haraka mno.

"Kupe nawajua. Kikulacho ki nguoni mwako."

Aliacha gari pale barabara inapoishia, tukaingia msituni kwa miguu, mimi nyuma yake nikimkazia macho kisogoni. Nilitegemea kuona kibanda. Nilitegemea pazia, sufuria mekoni, mwanamke mwenye kucha nyekundu. Tuliyekutana naye ni kobe. Alikuwa anatafuna majani bila haraka, na mgongoni alikuwa ameandikwa namba saba kwa rangi yangu ya kucha.

"Ili nimtambue nikimwona tena," mume wangu akasema, macho chini.

"Na chujio langu?"

"La kuoshea kinyesi cha chui. Huwa natafuta manyoya ya wanyama aliowala."

"Usilirudishe."

Kicheko kilinifika kooni. Hakuna mwanamke! Moyo ulinitulia, kisha nikauona mti. Soksi yangu ilikuwa imefungwa hapo kwa waya, usawa wa kiuno, ndani yake sifongo cha kuoshea vyombo. Ng'ambo ya njia, ndani ya kopo langu la plastiki alilolitoboa, kulikuwa na kamera ndogo. Akanionyesha picha: chui amefumba macho, anaisugulia shavu soksi yangu.

"Manukato ya kawaida anayapita tu," akasema. "Haya akiyanusa anasimama, mpaka nayaona madoa yake yote. Nikajua ni yule yule anayerudi." Akairudisha kamera kwenye kopo. "Hukuwa unayavaa. Nikadhani yamekaa tu."

"Na maji?"

"Nilipoona yamepungua sana, niliogopa."

"Si ungeniuliza! Yalikuwa ya mama!"

"Ya mama?"

Miaka yote tunalala chumba kimoja na ile chupa, hajawahi kuuliza ni ya nani.

"Heri angekuwa mwanamke," nikamwambia. "Mwanamke ningemfukuza, nikabaki na mama."

Niliusogelea mti, nikainama, nikaweka shavu pale chui alipoweka lake. Chini ya harufu ya mnyama na ya mvua, mama alikuwepo.

"Ifungue," nikasema.

Hakubisha, ingawa kazi yake yote ilikuwa inaning'inia kwenye ule waya. Aliufungua taratibu, akatoa kopo langu jingine kwenye begi.

"Hilo lilikuwa na nini?"

"Halijatumika. Naapa."

Tukaitia soksi ndani na sifongo chake, akakibana kifuniko pande zote nne.

Wiki iliyofuata aliniletea picha za ile kamera, akaziweka mezani. Nungunungu. Kisha mwanamke ameinama, amefumba macho, shavu limegusa mti. Kisha chui, amesimama mbele ya mti ule ule, anatafuta.

Ile yangu nilimtumia dada, pamoja na kisa chote. Nilijua matusi ya kumtukana shemeji yake alishayapanga siku nyingi. Akapiga simu, lakini matusi hayakuja.

"Bado inanukia?" akauliza.

"Kidogo."

"Basi usilifungue hilo kopo. Nakuja. Usilifungue tena mpaka nifike."