Utamu wa Sufuria ya Wifi

"Wifi, hizo artichoki unazimenya au unazichinja?" Loreta aliuliza bila kuinua macho.

 Ersilia alibandua magamba ya artichoki nyingine ya kukaanga, mboga iliyofumba kama ua, akakipaka kiini chake limau kisije kikawa cheusi, akakata kipande na kukitafuna kibichi, kama alivyozoea. Tangu aolewe, yeye ndiye aliyepika chakula cha kufungulia mlo wa Pasaka katika mgahawa wa mama mkwe wake, Mama Iole, hapa Sezze: artichoki, njegere, maharage mapana mabichi na majani ya saladi, vikiiva polepole kwa maji yao wenyewe. Mboga hizi hukutana sokoni majuma machache tu ya machipuko, na watu hutoka hata Roma kuzifuata. Sasa Loreta, binti wa nyumba, alikuwa amerudi kutoka Milano na visu vyake vya upishi, na Mama Iole, aliyechoshwa na magoti, alikuwa ameshatamka: pikeni nyote wawili, nitakayeupenda mkono wake ndiye atakayeshika jiko.

Binti huzaliwa na jiko. Mkaza mwana huazimwa tu. Ersilia alilijua hilo, na lilimchoma.

Loreta alipotoka uani kuchuma nanaa, Ersilia aliifunua sufuria ya wifi yake iliyokuwa motoni kando ya yake, akachota kijiko.

Tamu! Utamu laini, wa asali kwa mbali, ukabaki ulimini.  Yake mwenyewe hata hakuionja; wivu hauna subira hiyo. Alichota sukari konzi nzima, akaimwaga katika sufuria yake na kukoroga haraka.

Mama Iole aliingia akitafuna mkate, maana hakuna mpishi wa Sezze anayeonja sufuria kabla ya kusafisha mdomo kwa mkate. Akaonja ya Loreta, akatikisa kichwa kukubali. Akaonja ya Ersilia, akasimama.

"Mwanangu, umetia sukari?"

Ersilia alilisukuma bakuli la sukari nyuma ya chupa ya mafuta.

"Ulikuwa unatafuna artichoki mbichi," mama mkwe alisema taratibu. "Na huku unajua, hata mtoto wa hapa anajua, ukishaitafuna hata maji ya kisima huwa sharubati. Ulionja nini?"

Loreta alikitazama kifuniko chake, kilichokaa upande, akapasuka kicheko.

"Jamani! Kumbe yangu ilikuwa tamu hivyo? Mbona mimi naona imepungua chumvi?"

"Imepungua kweli," alisema Mama Iole. "Ongeza, upakue. Ersilia, wewe peleka mezani."

Akapeleka. Sahani za wifi yake zilitua mbele ya wageni, kijani juu ya kijani, nanaa ikinukia. Roho ilimuuma kila alipoinama.

Mzee Quirino, fundi cherehani asiyekosa Pasaka hata moja, alimeza tonge la kwanza, akafumba macho.

"Ersilia, binti yangu! Mwaka huu umejishinda mwenyewe."

Meza nzima ikamgeukia, ikapiga makofi.

"Asante, mzee wangu," alisema Ersilia.

Aliporudi jikoni, Loreta alikuwa mlangoni akimngoja, mashavu mekundu kwa moto.

"Wanasemaje, wifi?"

Ersilia alipanga sahani nyingine mikononi, ya mwisho akaiegemeza kwenye kiwiko.

"Wanakula tu," alisema, akausukuma mlango kwa nyonga.