Lori la Kwenda Kuona Mlima

Rubeni hakuwa mtu wa kuamini kitu cha bure. Hata mbegu za kabichi walizogawiwa na ushirika alizipanda kwanza kwenye kipembe kimoja cha shamba, akangoja zichomoze, ndipo akazipeleka kwingine. Kwa hiyo siku ile Bwana Silvano, kijana wa ofisi ya misitu, aliposimama kwenye uwanja wa shule na kutangaza kwamba kipupwe hiki, wiki ya Sabasaba, baadhi ya wakulima wa Magamba watachukuliwa kwa lori mpaka Kilimanjaro kuiona hifadhi mpya ya taifa, na kwamba hakuna atakayetoa hata senti, wenzake walipiga makofi, yeye akakunja mikono.

"Mtalala Marangu, ndugu wananchi," Silvano alisema. "Mtapelekwa mpaka langoni, mtaingia msituni na waongozaji, mtaona wenzenu wanavyokaa na msitu bila ugomvi. Mawingu yakitupisha, mtaiona na theluji."

Mama mmoja akauliza kama theluji inaliwa. Watu wakacheka. Rubeni akangoja kicheko kiishe.

"Bwana Silvano, sisi tumezaliwa mlimani, tunalima mlimani, na tukifa tunazikwa mlimani. Mlima mwingine wa nini?"

Silvano naye akacheka, lakini Rubeni aliona kicheko kile kilivyokatika upesi. "Kutembea kwingi, kuona mengi, Mzee Rubeni."

"Na aliyewachagua wa kutembea ni nani?"

"Ofisi, pamoja na balozi wenu, Ndugu Kornelio."

Kornelio alikuwa balozi wa nyumba kumi, na shamba lake lilipakana na la Rubeni. Aliposoma majina, Rubeni alisikiliza kwa makini, na kila jina lilimzidishia shaka. Wote, naye akiwamo, walikuwa watu wa safu ya juu, wale ambao mashamba yao yaligusa msitu wa serikali. Wa chini, kandokando ya barabara, hakutajwa hata mmoja, hata mzee wa kanisa. Tena waliitwa mume na mke. Maana yake, safu nzima ya juu ingebaki nyumba zimefungwa na mbwa tu.

Jambo hilo lisingemchoma mtu mwingine. Lakini Rubeni alikuzwa na hadithi moja iliyokuwa ikisimuliwa nyumbani kwao kama wengine wanavyosimuliwa habari za sungura. Enzi za Mjerumani, baba yake na wanaume wengine waliitwa kwenda Kwai, kwenye shamba kubwa la wazungu, kutazama ng'ombe wa Ulaya. Walikaribishwa, wakapewa maziwa, wakaonyeshwa dume lenye shingo kama gogo. Waliporudi, walikuta vigingi vimepigwa katikati ya migomba yao, na kuanzia vigingi vile kwenda juu wakaambiwa ni msitu wa serikali. Baadaye wao wenyewe walipewa majembe wachimbe mtaro wa mpaka. Mpaka anakufa, baba yake hakunywa maziwa tena.

"Baba Yohane, wewe unaishi na marehemu," mkewe Marta alimwambia jioni ile. "Huyo alikuwa Mjerumani. Hii ni serikali yetu. Sasa tuna uhuru."

"Uhuru ndio, lakini mtu anayekutoa nyumbani kwako, muulize anaingia nani."

Kwa muda wote wa ndoa yao Marta hakuwahi kupita Mombo, kule chini bondeni, na safari ile ilikuwa imekwisha kumwingia moyoni. Alifua sweta lake la buluu, akashona kiwiko kilichotoboka. Akapanga na Dorkasi, mke wa Kornelio, kwamba mmoja atakaanga mahindi na karanga, mwingine atachemsha viazi na mayai, maana chakula cha njiani hakiaminiki. Wakabishana kama wachukue kanga za kujifunika au mablanketi. Akamwomba dada yake wa Kwai aje kumkamua ng'ombe. Kila jioni kulikuwa na neno jipya la Kilimanjaro pale jikoni: kwamba baridi yake inapasua midomo, kwamba Wachaga hulima migomba mpaka mlangoni, kwamba ukitazama theluji sana macho hutoa machozi. Rubeni alikaa kwenye kigoda chake na kuyasikiliza yote kama mtu anayesikiliza panya darini.

Alimfuata Kornelio shambani.

"Balozi, nieleze kama jirani yako. Kwa nini sisi wa juu tu?"

Kornelio aliegemea jembe lake. "Sisi ndio tunaogombana na msitu, Rubeni. Nguruwe wanakula mazao yetu, sisi tunakata kuni zao. Wameona tukajifunze."

"Maneno hayo ni yako au umepewa?"

"Sasa unanitukana."

"Nimeuliza tu."

"Usipotaka kwenda, baki. Lakini usiwatie watu hofu. Mwaka huu maneno kama hayo yanamfikisha mtu pabaya."

Kweli, ulikuwa mwaka wa maneno. Kutoka mabondeni zilipanda habari za watu waliopakiwa kwenye malori pamoja na kuku zao, wakashushwa porini na kuambiwa hiki sasa ni kijiji chenu cha ujamaa. Huku milimani hakuna aliyehamishwa, lakini kila lori lililopanda kona za kutoka Mombo lilitazamwa mara mbili. Rubeni aliondoka pale na shaka mbili badala ya moja. Aliamua kwamba Kornelio anajua, na kwamba kwa kujua kwake kuna kitu ameahidiwa.

Siku ya soko alishuka Lushoto, akamtafuta Shabani, dereva wa lori lililokodiwa. Alimkuta chini ya gari, miguu tu ikionekana.

"Shikamoo, Mzee Rubeni," Shabani alisema akitoka, huku akijifuta grisi. "Wewe nawe msafiri?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kulitazama gari litakalotupeleka. Breki ziko?"

"Breki ziko. Nitawafikisha."

"Na huku nyuma, magari mengine hayana kazi wiki hiyo?"

Shabani hakuona ubaya wa swali. "Yapo. Mwenzangu yeye hapumziki. Atashuka Mazinde kuchukua nguzo za zege, azipandishe huko huko kwenu, Magamba."

"Nguzo za nini?"

"Mimi nimesikia za uzio. Labda josho la ng'ombe. Dereva haambiwi, mzee, dereva anapakiziwa."

Njiani kurudi, Rubeni aliona miguu yake imekuwa myepesi. Mtu akithibitisha jambo baya alilolihofu, kuna furaha fulani ya aibu inayompata, na yeye ilimpata. Lakini amwambie nani? Kornelio ndiye balozi. Wengine wote, kila alipowapitia mmoja mmoja akilini, alimwona huyu ni shemeji wa Kornelio, yule alikopeshwa ndama na Kornelio, yule mwingine ulimi wake hauna mlango. Akaamua kunyamaza. Hata Marta hakumwambia. Alimwambia neno moja tu, usiku wa kuamkia safari:

"Wewe nenda. Mimi mgongo umenikamata."

Marta akamgeukia. "Mgongo umekukamata leo?"

"Umenikamata leo. Nenda na wenzako. Ukibaki, watasema nimekukataza."

Asubuhi lori lilijaa mapema. Wanawake walipanda wakiwa wamejitanda kanga juu ya masweta, wakaanza kuimba nyimbo za kanisani kabla hata injini haijawaka. Silvano alikaa mbele na Shabani. Rubeni alisimama kando ya barabara ameshika kiuno. Marta alimpungia mkono mara moja, kisha akageuka kutazama mbele, na lori likazama kwenye ukungu wa kona ya kwanza.

Rubeni alirudi nyumbani, akafunga madirisha yote, hakuwasha moto. Alimwambia shemeji yake aliyekuja kumkamua ng'ombe aseme kwa watu kwamba nyumba haina mtu. Kisha akapanda juu ya shamba, akajibanza kwenye miti ya miwati, akangoja.

Siku ile hawakuja. Kesho yake, jua lilipoanza kuyeyusha umande, alisikia injini ikilia kwenye mteremko, halafu sauti za watu, halafu mshindo wa zege likishushwa. Wakaja vibarua wenye kamba na sururu, na msimamizi wao, mtu mnene mwenye koti la kaki ambaye Rubeni hakuwahi kumwona. Walianzia upande wa mbali, wakisogea shamba kwa shamba. Rubeni aliwatazama wakisimika nguzo kwenye njegere za watu, kwenye viazi vya watu, chini kabisa ya pale ambapo msitu ulikuwa umeishia siku zote. Mtaro wa Mjerumani kule ulikuwa umefukiwa na miaka na majani. Wenyewe walikuwa wamelima juu yake. Na mwenye kusema "mpaka si hapa" alikuwa Marangu akitafuta theluji.

Walipofika kwenye shamba lake, Rubeni alitoka kwenye miwati na panga mkononi.

Msimamizi alirudi nyuma. "Mzee! Tumeambiwa huku hakuna watu."

"Nani kawaambia?"

"Ofisini."

"Basi waambie yupo mmoja. Na mpaka wa shamba hili uko kule." Akawatangulia mpaka kwenye mtaro. Kwake ulikuwa bado wazi, kwa sababu baba yake alimwachia neno kwamba auzibue kila mwaka, naye hakuwahi kuacha. Msimamizi aliutazama, akautazama mstari wa nguzo aliokuja nao chini, akakuna kichwa. Hakuwa mtu mkaidi. Alitaka kazi iishe.

"Haya, hapa tufuate mtaro," akawaambia vibarua. Kisha akamgeukia Rubeni. "Na kwa jirani huyu, unapita wapi?"

Shamba la Kornelio lilikuwa pale, mbele yao. Rubeni aliijua njia ya mtaro kama mistari ya kiganja chake. Ungepita nyuma ya kibanda cha kuku, ukakata juu ya migomba, ukafika kwenye mti wa mkulo. Angeweza kunyoosha kidole tu. Lakini akilini alimwona Kornelio ameegemea jembe, akimwambia asiwatie watu hofu.

"Mwulizeni mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe hayupo."

"Basi mimi si msemaji wake."

Msimamizi akainua mabega, na nguzo zikateremka tena, zikapita katikati ya migomba ya Kornelio. Rubeni alisimama akitazama mpaka nguzo ya mwisho. Aliposhuka nyumbani alijaribu kula akashindwa.

Lori lilirudi na nyimbo zile zile. Marta aliteremka midomo imepasuka, macho yanang'aa, akaanza kusema kabla hajatua mzigo. "Baba Yohane, tumeiona! Asubuhi, mawingu yalifunguka kama pazia..." Hapo ndipo Dorkasi alipopiga ukunga kutoka upande wa pili.

Jioni ile safu nzima ilikuwa nje, watu wakitembea kutoka nguzo hadi nguzo kama wanaotambua maiti. Walifika kwa Rubeni wakakuta nguzo zimepanda juu, zikaufuata mtaro, kisha zikashuka tena. Silvano alikuwepo, uso umempauka. Aliapa kwamba yeye alipewa wageni wa kuwatembeza, basi, wala hakuambiwa la nguzo. Rubeni hakumwamini. Lakini watu hawakuwa wakimtazama Silvano.

"Mgongo wako unaendeleaje?" Kornelio aliuliza.

"Kornelio, nilijua wanakuja. Nilibaki kulinda."

"Kulinda nini? Changu kimekwenda. Cha huyu kimekwenda. Chako kimelindwa vizuri." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ulikubaliana nao nini?"

"Sikukubaliana na mtu! Nilidhani wewe ndiye..." Hakukuwa na namna ya kuimaliza sentensi ile mbele za watu.

Kesho yake alichukua jembe, akaenda kwa Kornelio bila kuitwa, akaanza kuchimba nyuma ya kibanda cha kuku. Alichimba mpaka ukingo wa mtaro wa zamani ukaonekana, udongo mweusi juu ya mwekundu. Kornelio alimtazama, mikono kifuani, hakumsaidia na hakumfukuza. Watu wa safu walipeleka malalamiko wilayani, wakaenda na kurudi hadi mvua za vuli zikapita, na mwishowe nguzo za kwa Kornelio na za nyumba mbili nyingine, ambako mtaro uliweza kuonyeshwa, zikahamishwa juu. Za wengine zilibaki pale pale. Na kila mara mwenye kubakiwa na nguzo alipoivuka kwenda kuiba kuni kwenye shamba lililokuwa lake, alitazama kwanza upande wa kwa Rubeni, kama vile huko ndiko kulikokaa mlinzi wa msitu.

Marta hakugombana naye. Alimwuliza mara moja tu, wakiwa wanapalilia.

"Uliponiambia niende, ulitaka nione mlima, au ulitaka nyumba ionekane tupu?"

Rubeni aliendelea kupalilia. "Vyote viwili," akasema, naye mwenyewe akasikia kwamba ni uongo.

Tangu hapo alimsikia mara nyingi akiwasimulia wanawake habari za Kilimanjaro pale jikoni: jinsi walivyotetemeka langoni, jinsi Dorkasi alivyolia alipoiona theluji, jinsi mwongozaji alivyowaonyesha mbega weusi wenye mikia mirefu myeupe. Wanawake walicheka na kuuliza maswali. Yeye akiingia tu na kuvuta kigoda, Marta aligeukia chungu, na mazungumzo yakawa ya chumvi na kuni.